Leso ya Kwenye Kona

Leso ilipotundikwa, barabara yote ilishika adabu.

Madereva walioteremka kutoka mjini Machakos wakielekea Athi River waliiona tangu juu mlimani, kitambaa chekundu chenye pindo jeusi kikipepea kwenye mti wa kibanda cha Ndila, pale kona ya Katelembo. Mguu uliokuwa umezama kwenye mafuta uliinuka wenyewe. Malori ya mchanga yalinguruma kwa gia ndogo, pikapu zikatembea kama bibi harusi, na vijana wa bodaboda waliokuwa wamelalia usukani wakaketi wima kama wako kanisani. Wote waliipita ile michongoma iliyo chini ya kibanda, ambamo polisi wawili walikuwa wamejibanza na kamera yao ya kupima mwendo, na wengine wakawapungia mkono kwa heshima. Walipokwisha kupinda, kila mmoja alirudia tabia yake.

Ndila hakuwa amekusudia kuwa mlinzi wa mtu. Alikuwa mjane aliyeuza machungwa na mahindi ya kuchoma, na kila asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, aliinamisha kichwa akamkabidhi Mungu siku yake. Ilitokea tu kwamba usiku mmoja mvua ilivuja kibandani, leso ikalowa, naye asubuhi akaitundika ikauke. Polisi nao wakaja siku hiyo hiyo. Jioni dereva wa lori akasimama, akanunua mfuko mzima wa machungwa.

"Asante sana, mathe," alisema. "Niliona chekundu nikajua unatuonya. Ningekuja na ule mwendo wangu, saa hii ningekuwa seli."

Ndila alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na moyo wake ukafurahi kidogo. Wema ambao haukugharimu kitu, nani angeukataa? Polisi waliporudi aliitundika tena. Walipoondoka aliikunja, akaiweka chini ya gunia. Haukupita muda, madereva wote wa njia ile wakawa wanaijua leso kuliko wanavyojua alama za serikali. Hakuna aliyesema kwamba machungwa yake yalinunuliwa kwa sababu hiyo, lakini yaliisha kabla jua halijawa kali, wakati ya wenzake yakinyauka. Tangu kifua kilipomchukua mumewe, kibanda hicho ndicho kilichokuwa shamba lake, na leso ilikuwa mvua yake.

Muli ndiye aliyempenda kuliko wote. Alikuwa kijana mwenye sauti ya kwaya, aliyepeleka maziwa kwa pikapu kwenye vibanda vya chai nje ya lango la viwanda vya EPZ. Kila alfajiri ilipokuwa ikipambazuka alipunguza mwendo kidogo tu na kuchungulia dirishani.

"Mwaitu, leo wako?" Alimwita mwaitu, yaani mama yangu, ingawa hakumzaa.

"Huoni kibanda hakijavaa?"

"Basi mimi naruka."

"Ruka pole, Muli. Barabara haikimbii."

"Barabara haikimbii, kengele ndiyo inakimbia. Ikilia kabla sijafika, watu wameingia kiwandani, na mimi nimebaki na maziwa yangu kama mama aliyeibiwa mtoto."

Ndila alicheka. Siku nyingine Muli alisimama kula hindi, akayasema yale ambayo madereva wote huyasema, ila yeye aliyasema vizuri.

"Mwendo peke yake hauui mtu, mwaitu. Mimi niko na mikono, niko na macho. Kinachoua dereva ni kushtuliwa. Mtu mzima na sare yake analala kwenye miiba kama sungura, halafu anakurukia. Huyo ni mwindaji. Polisi wa kweli anasimama mahali anaonekana."

"Na akisimama mahali anaonekana, unapunguza?"

"Napunguza."

"Ukimpita?"

Muli alitafuna hindi lake, akatabasamu. "Ukimpita, umempita."

Ndila aliona maneno hayo kuwa ya kuchekesha, akayaacha yapite kama gari.

Kisha akafa mzee wa kanisa, huko Tala. Akina mama wa ushirika walikubaliana wavae leso nyekundu zenye pindo jeusi, zile walizonunua pamoja. Ndila aliifungua yake chini ya gunia, akaipiga pasi, akajifunga kiunoni, akafunga kibanda. Siku hiyo hakukuwa na polisi, naye hakuona kwamba alikuwa amewaacha watu wowote bila kitu.

Aliporudi alasiri alikuta katikati ya kona mtungi wa maji uliopasuka, na kwenye mtaro ndara moja ya bluu. Aliijua ndara hiyo. Ilikuwa ya Mutheu, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, aliyevuka kila siku kuteka maji kwenye kisima cha kanisa. Mchoma mahindi wa kibanda cha pili alimweleza polepole, kama mtu anayemwekea mwenzake mzigo kichwani. Pikapu ya maziwa ilikuwa imekuja kwa kasi, kioo chake cha pembeni kikampiga Mutheu, akatupwa mtaroni. Alikuwa hai. Mguu ulikuwa umevunjika. Muli mwenyewe ndiye aliyembeba mikononi hadi hospitalini, akilia.

Siku iliyofuata Muli alikuja kwa miguu, kwa sababu gari lilikuwa bado limezuiliwa kituoni. Aliketi juu ya kreti tupu, akaitazama mikono yake.

"Mwaitu, leso haikuwepo."

"Nilikuwa nimeivaa mazishini."

"Sikulaumu. Nasema tu vile ilikuwa. Nilichungulia tangu juu, nikaona mti mtupu. Nikajua njia ni safi."

"Na ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi kabisa, mwaitu. Hakukuwa na polisi hata mmoja..."

 Neno lake mwenyewe lilikuwa limemrudia usoni. Ndila naye alikuwa anaiona barabara kama Muli alivyoiona kutoka juu: lami, jua, mti mtupu. Ndani ya usafi huo wote alikuwa amesimama mwanamke mwenye mtungi kichwani, na hakuna jicho lililomhesabu. Ndila alikuwa akidhani kwamba leso ikiwa chini ya gunia huwa imenyamaza. Sasa alijua kwamba hata ikiwa imekunjwa ilikuwa ikisema: kimbieni.

Mutheu aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Ndila alimpelekea machungwa. Alimkuta amelazwa kwenye kitanda kilichosogezwa mlangoni ili aone watu, mguu mzito kama gogo jeupe.

"Umeniletea machungwa," Mutheu alisema, "ama umekuja kuhakikisha mguu haujaibiwa?"

"Nimekuja kwa yote mawili."

"Basi menya. Mguu upo."

Ndila alimenya. Walizungumza habari za kanisa, za mvua, za mbuzi aliyezaa pacha. Kisha Mutheu akasema, bila uchungu, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo:

"Unajua mimi pia huangalia ile leso yako? Ikiwa juu, navuka na mtungi wangu kichwani, hata nasimama katikati kusalimia mtu. Ikiwa chini, nasubiri. Nasubiri mpaka shingo inauma. Siku ile nilisubiri sana, Ndila, nikachoka."

Kisu cha Ndila kilisimama katikati ya chungwa. "Mbona hujawahi kuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilijua unaitundika kwa ajili yetu."

Njia ya kurudi kibandani ilikuwa fupi, lakini siku hiyo Ndila aliitembea kama mtu aliyebeba maji asiyotaka kuyamwaga. Barabarani alisimama kungoja magari yapite. Yalipita moja baada ya jingine, na upepo wao ukamvuta kitambaa cha kichwa. Alingoja mpaka naye shingo ikamuuma.

Wiki hiyo polisi walikuwepo, na leso ilikuwa juu. Adhuhuri mmoja wao, Omar, kijana wa mjini Machakos aliyezoea kumwamkia kila anapopita, alitoka michongomani akipangusa vumbi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande. Machungwa?"

"Machungwa na kwaheri. Wiki ijayo tunapelekwa upande wa Tala."

"Hapa kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya, ni uzuri umezidi. Mkubwa wetu anasema kona hii haina mkosaji. Kamera inakaa siku nzima, haishiki mtu." Aliinua macho kwenye mti wa kibanda, akayateremsha tena kwenye chungwa lake. "Nikamwambia watu wa Katelembo ni wacha Mungu."

Ndila alihisi uso wake ukipata joto. "Ulikuwa unajua."

"Mama, nimelala kwenye miiba na jua hili. Kitu kizuri cha kutazama kilikuwa leso yako peke yake."

"Na hukuniambia niitoe."

Omar alimenya chungwa kwa uangalifu, ganda likatoka refu bila kukatika. "Walikuwa wanapunguza," alisema. "Mimi sikujali sana wamepunguza kwa sababu gani. Ila sisi tukiondoka, sijui."

Jumapili Ndila alipiga magoti muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakuwa na maneno mengi. Alimuuliza Mungu kama kitambaa kinaweza kusema uongo. Jibu halikuja kwa sauti. Kilichomjia ni ndara ya bluu kwenye mtaro, nayo haikutaka kuondoka hata wengine walipoanza kuimba.

Jumatatu polisi hawakuja. Ndila aliwasha makaa, akainamisha kichwa, akaitundika leso.

Siku za kwanza kila kitu kilikwenda kama zamani. Lakini madereva husemezana kwa simu na kwa taa, na habari kwamba kamera iko Tala ilisambaa kama moshi. Hapo ndipo walipoanza kumtazama mama wa Katelembo kwa jicho lingine.

"Mathe, hiyo leso imekwama kama saa mbovu?" kijana mmoja wa bodaboda alimwuliza, wenzake wakacheka.

"Ama umepewa kazi na makarao, hao polisi?" mwingine akadakia. "Unatutembeza kama ng'ombe, na kichaka ni kitupu."

"Kichaka ni kitupu, barabara je?" Ndila alijibu, akigeuza mahindi.

Wakatazamana, wakawasha pikipiki zao. Hawakununua kitu. Wala dereva wa lori la mchanga hakununua, yule wa mfuko wa kwanza. Alipita akitazama mbele kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Machungwa yakaanza kubaki, yakakunjamana kwenye kreti. Ndila alipeleka mengine kwa Mutheu, mengine kwa watoto wa shule ya Jumapili. Jioni alipokunja leso, mikono yake ilijiuliza kama kesho itakuwa na nguvu ya kuitundika tena. Kibanda kikifa, hakuwa na kingine.

Ndipo Muli akarudi barabarani. Alikuwa amekonda, na kioo cha pembeni cha pikapu kilikuwa kipya, kinachong'aa kuliko gari lenyewe. Alisimama, akashuka.

"Mwaitu, wanasema leso yako siku hizi inadanganya."

"Wanasema kweli. Polisi hawako."

"Basi ishushe. Watu wakizoea kuidharau, siku wakirudi haitasaidia mtu. Si mimi, si wewe, si..." Hakulitaja jina.

Ndila alijua kwamba kijana huyo hakukosea. Mwenye kuogopa jicho haachi kosa. Husubiri jicho lifumbe. Na leso yake sasa ilikuwa jicho ambalo wote walijua limefumbwa.

"Siku ile ungeiona, ungepunguza?" alimwuliza.

"Ningepunguza."

"Na leo, unapojua kichaka ni kitupu?"

Muli alifungua mdomo. Kwa mbali, juu mlimani, lori lilipiga honi. Akaitazama saa, akapanda gari, akaenda, na Ndila hakujua amekwenda na jibu gani.

Asubuhi iliyofuata hewa ilikuwa tulivu na leso ilining'inia bila kutikisika. Michongomani, pale pale polisi walipokuwa wakilala, mbuzi walikuwa wanakula majani, weupe, wanaonekana tangu juu. Hakuna ambaye angedanganyika. Ng'ambo ya barabara Mutheu alikuwa amefika ukingoni na mkongojo wake na mtungi mdogo, kwa mara ya kwanza tangu avunjike mguu.

Ndila alisikia pikapu ya maziwa kabla hajaiona. Aliujua mlio wake kama mtu anavyojua kikohozi cha jirani. Uliteremka, ukateremka, haukupungua, naye akaiweka chini koleo ya makaa. Kisha gia ikabadilishwa. Mlio ukawa mzito, ukawa wa polepole, na Muli akaingia kwenye kona kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Hakuitazama leso wala mbuzi. Alikuwa akitazama ukingo wa barabara. Gari dogo nyuma yake lilipiga honi ndefu, likapiga tena, na lilipopata nafasi baada ya kona likampita kwa hasira na kutokomea. Muli hakusimama kununua kitu. Kengele ilikuwa inamngoja.

Vumbi lilipotulia, Mutheu aliita kutoka ng'ambo.

"Ndila! Leo wako?"

Ndila alitazama mbuzi, akatazama leso.

"Vuka," alisema. "Vuka polepole."

Mkongojo ukagonga lami. Mutheu alifika katikati, akauhamishia mtungi mkono wa pili, akasimama pale kama alivyozoea, akaanza kumsalimu mchoma mahindi wa kibanda cha pili, na kumwuliza habari za watoto. Juu mlimani gari lingine lilikuwa limeanza kuteremka. Ndila alisimama kando ya mti wa kibanda, mkono mmoja umeshika upindo wa leso, akisikiliza.