Mtungi wa Kathembo

Ilikuwa mara ya nne Bulandina kuteremka kutoka mlimani hadi gesti ya Mheshimiwa Yafesi, pale Bwera, na kwa mara ya nne aliambiwa asubiri ngazini kwa sababu miguu yake ingechafua taili mpya. Akakaa. Kutoka pale aliuona mtungi wake kando ya meza ya mapokezi, umetumbukizwa miavuli mitatu. Mgeni mmoja alipita akiongea na simu, akakung'uta majivu ya sigara kwenye mdomo uliochongwa tumboni mwa ule mtungi, akaenda zake. Mdomo ule ulikuwa wa Kathembo, mwanawe wa pekee.

Kathembo alikuwa kibarua kule Kilembe. Mwezi wa tano, Mto Nyamwamba ulipofurika ukasukuma mawe hadi ndani ya nyumba za watu, ulimbeba na yeye, na mwili haukuonekana. Kwa ukoo wa Bulandina, ambao wanawake wake ni wafinyanzi tangu enzi za mabibi wa mabibi, mtu aliyekosa kaburi hufinyangiwa sura. Mtungi wenye uso wake huwekwa mlangoni, umejaa maji, na waombolezaji hunawa kwa maji yanayotoka mdomoni mwake. Matanga yakiisha, mama mzazi huuvunja. Vigae hutwangwa, na unga wake huchanganywa na udongo mpya. Hapo marehemu anapumzika, na mama anaruhusiwa kushika udongo tena. Kabla ya hapo hafinyangi hata kikombe.

Kosa lilikuwa la Bulandina mwenyewe, na alilijua. Yafesi alikuwa mwenyekiti wa kaunsil ya wilaya, mzee wa kanisa, na Mkonzo wa kabila lake. Mwaka mmoja kabla ya mafuriko alikuwa amelizungushia seng'enge bonde la udongo na kusimamisha kibao kwamba ardhi chepechepe inalindwa, ni marufuku kuchimba. Nyuma ya kibao alichimba mabwawa matatu ya samaki. Wafinyanzi wakabaki kula kwa macho; hata mtungi wa Kathembo, Bulandina aliufinyanga kwa udongo wa akiba. Basi siku ya matanga Yafesi akaja na mikate na sukari, akautazama mtungi zaidi kuliko alivyowatazama wafiwa.

"Mama Kathembo, hii kitu iko muzuri sana," alisema. "Nipe niende nayo Kasese kwa maonyesho. Jumamosi narudisha. Na ile udongo utachimba, hakuna mutu atakusumbua."

Hakuna aliyewahi kuutoa mtungi wa uso mlangoni mwa wafiwa. Lakini Bulandina aliwaza udongo, akawaza na wanawake wenzake waliokuwa wamegeuka vibarua wa kupalilia mpunga Mubuku. Akakubali. Jumamosi ikapita, na nyingine, hadi mwezi wa nane ukaingia.

Sasa Yafesi alitoka ndani akichokonoa meno.

"Mama Kathembo! Bado uko hapa?"

"Niko, Mheshimiwa. Nimekuja kuchukua mutoto."

"Mutoto gani?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Yafesi akacheka, wala si kwa ubaya. "Hii? Wageni waliipenda sana! Sasa ni mali ya kaunsil. Angalia." Shingoni mwa mtungi palikuwa na namba ya rangi nyeupe. "Ikishaandikwa namba, hata mimi siwezi kuitoa."

Jinsi mali ya kaunsil ilivyofika kwenye gesti yake ya kulaza wageni, hilo hakuna aliyeuliza.

"Mimi nataka kuivunja tu, Mheshimiwa. Matanga haijaisha. Mikono yangu imefungwa."

"Kuvunja? Kitu muzuri namna hii? Mama, wewe ni Mukristo. Hizo ni mambo ya zamani. Ruhusa ya udongo nakupa leo. Chimba, unitengenezee zingine sita kama hii."

"Siwezi shika udongo kama hii haijavunjika."

"Basi ni wewe unakataa kazi," Yafesi alisema, akageuka kumwita Docus, msichana wa mapokezi, amletee chai.

Bulandina akainuka. Alikanyaga taili kwa miguu yake ya matope, akaitoa miavuli mmoja mmoja, akaukumbatia mtungi, akauinua hadi kifuani. Kisha akauachia. Ulitoa mlio mmoja safi, mlio wa mtungi ulioiva.

Alifurahi. Tangu mwezi wa tano hakuwa amefurahi, na sasa alipiga magoti akiokota vigae na kuvitia ndani ya kitenge chake, huku akilitaja jina la mwanawe taratibu. Alikuwa ameokota tisa. Cha kumi kilikanyagwa na buti la Okot, askari aliyelinda gesti.

"Wewe mama! Acha! Simama!"

"Afande, huyu ni mutoto yangu."

"Najua, mama," Okot akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mukubwa anaangalia."

Vigae vikabaki. Bulandina akapelekwa polisi kwa kosa la kuharibu mali ya umma, akakaa humo siku tatu. Siku ya nne wakamsomea karatasi: mitungi sita katika muda wa mwezi mmoja, ama jela. Wakampaka wino kwenye dole gumba, lile lile lililokuwa limebonyeza macho ya Kathembo, naye akatia alama. Moyoni alijifariji kwamba angalau umevunjika. Vilibaki vigae tu, na vigae havina kazi kwa mtu mwingine. Akapita gesti kuviomba.

Docus alimpokea kwa furaha. "Mama, usilie tena! Tumeitengeneza!"

Magidu, fundi aliyekuwa akibandika taili za choo, ndiye aliyeviunganisha vigae kwa saruji. Alifanya kazi kwa moyo, ila hakuwahi kumwona Kathembo. Jicho moja lilikuwa juu ya lingine. Pua ilikuwa imepindia kulia. Shavuni, palipokosekana kigae, alikuwa ametia kipande cha taili ya bluu, kisha mtungi wote akaupaka rangi nyekundu ya mafuta, ukang'aa. Ndani alikuwa amemimina zege hadi robo, asije mtu akauinua tena. Miavuli ilikuwa imerudi mahali pake.

Mfinyanzi hulia gaeni, watu husema. Huyu alinyimwa hata magae. Bulandina akaondoka bila kuaga, na Docus akakasirika kwamba hata asante hakupewa.

Jumatatu asubuhi Okot alipanda mlima na gunia la udongo begani. Akalitua mlangoni, pale palipokuwa pa mtungi, akakaa kwenye gogo.

"Mukubwa anasema nikae mpaka uanze. Mimi natumwa tu, mama."

Wanawake wa ukoo walitazama kutoka nyumbani kwao. Hakuna aliyekuja. Bulandina alilifungua gunia. Udongo ulikuwa mweusi, mzuri, wa pale pale bondeni alipochimba mama yake. Akautia mikono. Wanawake wale wakageuza nyuso.

Alifinyanga hadi jua likawa la utosi. Tumbo la mtungi lilisimama, halafu shingo, halafu paji la uso. Alipofika puani alifumba macho, na vidole vyenyewe vikaipata pua ya Kathembo, nyembamba, yenye kovu dogo alilolipata alipoanguka utotoni. Alipofumbua macho alimwona mwanawe anamtazama.

Okot alisogea na simu mkononi. Kwenye kioo chake palikuwa na picha ya ule mtungi wa gesti, mwekundu, na miavuli yake.

"Mama, hiyo pua hapana," alisema kwa upole. "Alisema zote zifanane na hii."

Bulandina aliitazama picha. Akalowesha dole gumba, akaliweka kando ya pua ya mwanawe, akaisukuma kulia. Okot akalinganisha na picha, akainama tena.

"Kidogo bado," akasema.