Sifuri, Virgule, Tano

Bwana Shyaka alikuja na pikapu tupu, nikajua mambo yameharibika. Ofisi yake ya elimu mjini Gisenyi ilitaka kompyuta pekee ambayo shule yetu ilipewa mwaka huo wa 1999, iwe ya kupigia barua. Barua! Mimi nilikuwa na wanafunzi arobaini wasiowahi kuona maabara, na ndani ya mashine ile kulikuwa na programu inayoonyesha jinsi mazuku, ile gesi isiyoonekana inayoua mbuzi na watoto mabondeni, inavyotambaa na kujaa. Bila yake ningefundisha kwa kitu gani? Kwa chaki?

"Washa nione, Madam," alisema. Alikuwa amerudi kutoka Uganda, alikosoma kwa Kiingereza; Kifaransa hakukijua. "Ikiwa nzima, naipakia sasa hivi."

Darasa likitazama, niliandika kimo cha gesi kama nilivyozoea tangu nilipokuwa Goma, kwa Kifaransa: 0,5. Nusu mita, nilimweleza, ifike magotini mwa mtu aliyechorwa kwenye skrini. Lakini rangi nyekundu ya gesi ilipanda, ikammeza mtu, ikameza na nyumba mpaka paa.

Shyaka aliangua kicheko. "Nusu mita imefika kwenye paa! Hii ni mbovu. Sipeleki takataka ofisini."

Nilifurahi karibu nipige vigelegele. Ndipo nikaona kosa langu. Programu ilikuwa ya Kiingereza, ilitaka nukta. Virgule yetu ya Kifaransa, ule mkato, iliiruka tu, ikasoma mita tano. Nikafunga mdomo.

Uwera, binti wa mvuvi, alikuwa ameshasimama dawatini. "Madame, mashine iko muzima! Ni virgule. Weka point, utaona..."

"Kaa chini."

"Lakini Madame, we mwenyewe ulitufundisha, tukiona kosa tuseme..."

"Nimesema kaa! Unajua nini wewe?"

Shyaka, aliyekuwa ameshafika mlangoni, aligeuka. Akamtazama Uwera, akanitazama mimi.

"Huyu mtoto anasema nini?"

"Anaropoka tu. Hata hesabu hazimwingii."

Darasa likacheka. Shyaka akatoka, na pikapu ikateremka kuelekea ziwani, tupu vilevile.

Niliikimbilia mashine, nikaweka nukta. Gesi ikatulia magotini. Nilikuwa nimeshinda, na nilijaa furaha na aibu pamoja.

"Uwera, njoo! Ulisema kweli. Waeleze wenzako kosa liko wapi."

Alikuja mpaka mbele, lakini skrini hakuitazama.

"Mi nilikosea, Madame," akasema.