Vidonge vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ananipenda kuliko anavyompenda mwanawe, na hilo nalisema hata mke wangu akiwepo. Aliposikia magoti yananiuma hakungoja. Alituma kopo la vidonge vya manjano, kile kiungo cha mchuzi, vyenye kiini cha pilipili manga, akanipigia simu kunieleza kwamba manjano peke yake hupita tumboni bure. Pilipili ndiyo inayoufanya mwili uyanyonye. Mimi ni fundi wa vigae, magoti ndiyo mtaji wangu. Nikashukuru, nikaanza kumeza kimoja kila asubuhi pamoja na dawa yangu ya kifafa, ambayo nimeitumia tangu ujana na ndiyo iliyoniweka kazini bila kuanguka.

Kazini wananiita Nyoosha, kwa sababu mstari wangu wa vigae haupindi. Basi siku moja, bafuni kwa mteja, nikainua macho nikaona mstari umekwenda kombo. Nikaulaumu ukuta. Nikailaumu pimamaji. Nikamlaumu hata mteja kwa kusimama mlangoni akinizibia mwanga. Nikavibandua vigae, nikapanga upya, vikapinda tena. Nilipoinuka miguu ikakataa amri, na nilipotaka kujitetea ulimi ukawa mzito. Msimamizi akanitazama juu mpaka chini, akaniambia kwa upole niende nyumbani nikalale. Upole ule uliniudhi kuliko matusi.

Zamani nilikuwa mtu wa chupa, sifichi. Mke wangu alivumilia mpaka akachoka, akaniambia nikionja tena atafunga virago, nami nikaacha kabisa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliponiona naingia ndani nikiyumba, salamu yenyewe nikaitafuna, aliacha alichokuwa akifanya. Alinisogelea akaninusa mdomo, kisha shati. Hakupata harufu yoyote, na hilo halikumtuliza. Walevi wana hila nyingi, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Akaenda chumbani. Nikamkuta begi liko wazi kitandani, anakunja nguo zake moja moja. Nikahamaki. Nilifoka kwamba nyumba hii haki haimo, nikaupiga mlango ngumi, nikaukosa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nikakaa kitandani kando ya begi lake.

"Mke wangu, sijanywa," nikamwambia. "Nipeleke hospitali wanipime damu. Wakikuta pombe, begi nitakubebea mwenyewe."

Aliiacha nguo aliyokuwa akikunja. Kisha akaenda kabatini, akakusanya kila ninachomeza, akatia kwenye mkoba wake, tukaondoka.

Daktari alikuwa binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Aliniuliza natumia dawa gani, nikamtajia ya kifafa. Akauliza kama kuna kitu kingine, nikasema hakuna. Mke wangu akafungua mkoba, akaliweka kopo la mama yake mezani. Nikamwambia kwa ukali kwamba hiyo si dawa, ni zawadi ya mama mkwe. Daktari akatabasamu, akasoma maandishi ya kopo taratibu, akanitaka nifuate kidole chake kwa macho bila kugeuza kichwa. Nilikifuata kwa utii wote, lakini macho yakawa yanarukaruka yenyewe.

Akatueleza kwamba pilipili ile haichagui. Inaufungulia mwili mlango upokee manjano, na dawa iliyo karibu nayo inaingia kwa wingi vilevile. Halafu inalichelewesha ini kuiondoa. Kidonge mkononi ni kilekile cha siku zote, ila katika damu dawa inazidi, na dawa ya kifafa ikizidi humfanya mtu ayumbe na kutafuna maneno. Huenda ni hilo, alisema, lakini pombe nayo huyachezesha macho hivyohivyo, kwa hiyo angepima vyote viwili. Vidonge vya kopo viishie hapo. Ile ya kifafa nisiiache wala kuipunguza kwa akili zangu. Yeye ndiye atakayeniambia.

Wakanitoa damu, tukaketi kwenye benchi la korido. Mke wangu aliuweka mkoba wake mapajani. Mwishowe akauliza, bila kunitazama, ilikuwaje nikapiga mlango nikaukosa.

"Niliona miwili," nikasema. "Nikapiga ule wa uongo."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani naye hakujua. Nilimpenda pale kwa namna iliyoniumiza kifua, maana nilijua bado anaweza kuondoka.

Daktari akatoka na majibu mkononi. Kabla hajafungua kinywa mke wangu akasimama, akamwomba angoje kidogo, akanigeukia.

"Baba, nisamehe," akasema. "Unaumwa, na mimi nakunusa kana kwamba wewe ni mwizi."

"Lakini mama," daktari akasema, "majibu sijawasomea."

"Najua. Ndiyo maana namwomba msamaha sasa."

Nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya foleni nzima. Daktari akasoma: pombe hakuna, dawa imezidi, nilazwe mpaka ipungue. Sikumsikia vizuri. Ilibidi mke wangu anieleze yote tena baadaye, wodini.