Mfereji Alioacha Paukar

Dada yangu Sulla alimngoja mumewe miaka minne. Paukar alikuwa fundi wa mifereji, na watu wa mfalme walimchukua akajenge mingine katika bonde la joto, mwendo wa siku ishirini kutoka kwetu. Wa kwetu ukabaki nusu, umekatikia jabalini juu ya matuta ya mahindi.

Wanaume walijaribu kuumalizia. Maji yakatuama, mengine yakarudi yalikotoka.

"Mume wangu alikuwa akipima mteremko kwa bakuli la maji," Sulla akawaambia. "Mimi ndiye niliyemshikia."

"Siku hizi mshika bakuli naye ni fundi," akasema mzee Yauri, mkuu wa ukoo wetu. Wakacheka.

"Cheka tu, baba. Mahindi yakikauka usije kunibishia hodi."

Wiki iliyofuata Yauri mwenyewe akaja kumwita.

Kwa miezi mitatu Sulla alipanga mawe, nami nikimkandia udongo wa kuziba nyufa. Mara nyingine alikuta jiwe lenye alama za nyundo ya Paukar, akaliwekea kiganja na kutulia. Mimi nilijitia kukanda udongo.

Zilipobaki siku chache, akafika tarishi. Mfalme ameamuru Paukar ahamie huko moja kwa moja. Mkewe amfuate pamoja na msafara wa mwezi mwandamo.

Sulla aliketi kwenye ukingo wa mfereji.

"Nilikuwa naujenga ili akirudi aukute," akasema.

"Si unamfuata? Utakuwa naye."

"Nitakuwa naye. Lakini huku je, mdogo wangu? Na wewe je?"

Nikarudi kukanda udongo.

Siku maji yalipopita jabalini, Yauri aliimwagia ardhi pombe ya mahindi, watu wakaimba. Sulla hakuimba. Alijaza kibuyu maji ya mfereji, akakiziba kwa nta.

"Yataharibika njiani," nikamwambia.

"Najua. Hata akiyanusa tu."

Akaondoka alfajiri na msafara wa lama waliobebeshwa mizigo. Nilimsindikiza hadi kwenye daraja la kamba. Askari wa mfalme waliolilinda hawakuniruhusu kuvuka.

Sasa ni misimu sita. Kila mwaka kabla ya kupanda tunazoa tope mferejini, na kipande cha jabalini huwa nakiomba mimi. Wenzangu husema nakawia sana pale. Nawajibu tope ni jingi.