Pesa za Bi Halvorsen

Mwisho wa mwezi, wakili Lorna Petryshyn alilinganisha akaunti ya amana, ambamo ofisi yake ilitunza pesa za wateja, na taarifa ya benki. Pesa za Bi Halvorsen, mjane aliyeuza shamba lake nje ya mji wa Moose Jaw, zilikuwa zimepungua. Garnet, mshirika wa Lorna katika ofisi hiyo, hakukana kuzichukua.

“Nimelipia mishahara tu. Ijumaa nazirudisha. Weka sahihi kwenye hesabu, Lorna, usinitie presha.”

“Siweki.”

“Tukifungiwa ofisi, utakula hiyo jeuri yako?”

“Nitaila, tena bila chumvi. Pesa ni za mama wa watu.”

Akawapigia simu wasimamizi wa mawakili palepale, Garnet akimkodolea macho.

Ofisi ilifungwa kweli. Mfuko wa fidia wa chama cha mawakili ulimrudishia mjane pesa zake zote. Lorna hakumwomba mtu radhi.