Siku Mama Alipokaa Kitako

Wenzetu walikuwa bado wamejazana mbele ya ramani ya mbao nje ya kituo cha treni, wakibishana kusini ni wapi, na mama yangu alikuwa ameshaanza kushuka ngazi. Hakuuliza njia. Alishika chuma cha ngazi kwa mkono wa kushoto, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko, akateremka kuelekea kwenye ngurumo ya maporomoko ya maji kama mtu anayekwenda jikoni kwake kuepua birika.

"Mama, subiri! Tutapotea."

"Gastein hapotei mtu," alisema bila kugeuka. "Ukishuka unafika mtoni. Ukipanda unafika kituoni."

Basi letu lilikuwa limefika dakika ishirini tu zilizopita. Tangu kuzaliwa kwangu mama hakuwahi kulitaja jina la mji ule.

Leo naishi huku, ngazi hizo nazishuka kila siku na mfuko wa mkate, na magoti yangu yamezizoea kuliko yalivyowahi kuzoea ngazi za Brno, mji wetu kule Chekoslovakia. Lakini Septemba ile ya mwaka sabini na tisa nilikuwa mwalimu wa jiografia wa miaka ishirini na tisa ambaye alikuwa hajauona mlima mrefu isipokuwa kwenye ramani ya ukutani. Mama, Vlasta, alikuwa na hamsini na sita. Chama cha wafanyakazi kilimpa safari ile ya siku tatu kwa kutimiza miaka thelathini kiwandani, akiwa amesimama mbele ya mashine za kufumia, naye akaomba nifuatane naye. Mume wangu Bohdan na mwanangu Radim, wa miaka minne, hawakupewa ruhusa. Neno rehani halikutamkwa na mtu, ila kila mmoja katika basi lile alikuwa ameacha mtu nyumbani.

Mpakani mwa Austria, Ndugu Kadlec, kiongozi wa msafara, alisimama kati ya viti akatabasamu. "Tumetoka thelathini na wanane," alisema kwa sauti tamu, "na tutarudi thelathini na wanane. Sivyo, ndugu zangu?" Tukaitikia kama darasa la kwanza.

Siku hiyo tulipewa ruhusa ya kutembea tupendavyo hadi saa kumi na moja jioni. Nilimkuta mama darajani, rasharasha za maporomoko zimemlowesha nyusi. Hoteli zilikuwa zimepandana juu ya genge pande zote mbili, za manjano na nyeupe, kama makabati yaliyosukumwa ukingoni yakangoja mtu wa kuyaangusha. Mama hakuyatazama maporomoko. Alikuwa akihesabu madirisha ya hoteli moja, midomo ikicheza, na alipofika safu ya juu kabisa, chini ya paa, aliacha.

Kisha akafanya jambo lililonitia baridi. Alikwenda kwenye benchi juani, saa nne ya asubuhi, akakaa.

Huyu ni mwanamke aliyekula chakula chake amesimama. Siku ya mazishi ya baba aliwapigia watu pasi makoti yao. Sasa alikaa kitako, akanyoosha miguu, akafumba macho, na dakika zikapita, tano, kumi, robo saa. Wagonjwa wa kuoga maji moto walipita wamevaa majoho meupe, wakitusalimu kwa Mungu kama ilivyo desturi huku, naye akawaitikia kila mmoja.

"Unaumwa, Mama?"

"Kwani mtu akikaa ni mgonjwa?"

Lakini nilishaanza kufikiri ni ugonjwa. Nilikumbuka kwamba mwezi wa saba alikwenda hospitali peke yake, na kwamba wiki iliyopita aligawa vyombo vyake vya kaure. Watu hugawa vyombo wanapojua jambo. Nikaketi kando yake, nikitafuta namna ya kuuliza na nikiogopa jibu.

Tiketi zetu zilikuwa na saa moja ya kuogelea kwenye bwawa la maji moto. Mlangoni, mhudumu, mwanamke mnene mwenye funguo shingoni, alitueleza kwa Kijerumani mahali pa kuacha viatu. Kabla sijaunganisha maneno yangu ya shuleni, mama alimjibu. Hakumjibu kwa Kijerumani cha vitabuni bali kwa kile cha kuvuta maneno puani cha watu wa bonde hili. Mhudumu akacheka hadi funguo zikalia.

"Bibi huyu anaongea kama marehemu nyanya yangu!" aliniambia. "Mmemtoa wapi?"

Majini, mvuke ukiwa umetuficha hadi mabegani, nilimsogelea. "Ulijifunzia wapi kusema vile?"

"Vitani. Si unajua nilichukuliwa kufanya kazi."

"Ulituambia Linz. Kiwanda cha silaha."

"Niliwaambia Linz," alikubali. Akalala chali juu ya maji, mvi zikaelea kuzunguka kichwa chake, masikio yakazama. Ilikuwa njia nzuri ya kutosikia swali la pili.

Mchana tulikula nyama ya kukaanga na mkate tuliofungasha nyumbani, tukajipa anasa ya kahawa katika mgahawa wenye vitambaa vya meza. Hapo ndipo alipotuvamia Bi Hudcová wa idara ya nyuzi, jasho likimtiririka, mikononi ana mifuko ya chokoleti. Kiwandani ilisemekana kwamba yeye ni sikio la Ndugu Kadlec. Ukipiga chafya mbele yake asubuhi, jioni ofisi imeshajua una mafua.

"Vlasta, wewe!" alipaza sauti, akavuta kiti. "Nimekuona unavyotembea. Polepole, shingo imesimama, kama mke wa balozi! Sisi tunakimbia kama kuku, mwenzetu anakanyaga kama mwenye mji."

"Miguu inauma," mama alisema.

"Miguu!" Bi Hudcová alimtazama kwa macho madogo makali, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, mwangalie mama yako. Milima huwalevya watu wa bondeni." Akaondoka na mifuko yake. Kijiko alichokoroga nacho mama hakikutoa hata mlio.

Saa tisa na nusu tulikuwa tunapanda kijia nyuma ya kanisa, kati ya bustani za kabichi. Nilikuwa nimeacha kuuliza. Mama alisimama mbele ya nyumba ndogo ya mbao yenye balkoni. Dirishani kulikuwa na mwanamke mwenye mvi, uso ameugeuzia jua kama wafanyavyo watu wasioliona.

"Jarka," mama aliniita kwa jina la utotoni. "Mimi sirudi."

Nilielewa maneno. Maana ilichelewa, kama sauti ya shoka la mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde.

"Yule anaitwa Notburga. Hoteli ile ya darajani ilikuwa hospitali ya wanajeshi, sisi wawili tulifua mashuka. Msichana wa kwetu alitaka kutoroka, nikampa mkate wangu na koti, wakamkamata, akanitaja. Burgi huyu akanificha darini, penye kuanikia, siku kumi na moja hadi Wamarekani walipofika. Wangemuona wangemnyonga. Alikuwa na miaka kumi na tisa." Alinieleza haraka, macho kwa dirisha. "Amekuwa akiniandikia kila Krismasi kwa anwani ya jirani. Mwaka jana barua iliandikwa na mkono wa mtu mwingine. Haoni tena. Hana mtu."

"Na mimi nina nani?" Sauti yangu ilipasuka. "Wataniondoa shuleni. Radim ataandikwa kwenye faili kabla hajajua kuandika. Ulilijua hilo, Mama? Ulipoomba nifuatane nawe, ulilijua?"

"Nililijua."

"Sasa ulinileta ya nini?"

Aliondoa macho dirishani, akanigeukia. "Ningeondoka bila kukuaga, ningekuwa nimekutupa. Nilitaka tuwe na siku moja. Siku nzima, bila kazi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na sitakudanganya kuwa ni kwa ajili ya Burgi tu. Ningefia kwenye mashine zile, mwanangu. Hapa, hata nikiwa mtumwa wa vita, kuna asubuhi nilizofungua dirisha nikajua niko hai."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli. Nilitaka kupiga kelele hadi Ndugu Kadlec anisikie kule chini. Badala yake nilivua koti langu, kwa kuwa lake lilikuwa jepesi na majira ya baridi ya huku yanajulikana, nikalitupa juu ya uzio, si kwa upole, nikashuka. Nyuma yangu nilisikia kitasa kikifunguliwa na sauti ya mwanamke yule ikiuliza: "Nani?" Sikungoja kusikia jibu.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano nilikuwa nimekaa ndani ya basi. Ndugu Kadlec alihesabu kwa kalamu, kichwa kwa kichwa, akafika thelathini na saba, akarudia.

"Mwalimu, mama yuko wapi?"

Nimejiuliza mara nyingi kama nilichagua. Sidhani. Mdomo ulifunguka, maneno yakatoka. "Chooni, hapo kituoni. Maji ya kunywa yamemvuruga tumbo."

Tabasamu lake lilibaki pale pale, lakini macho yaliondoka. Hakuweza kuingia choo cha wanawake. Alitazama viti, akamchagua mtu aliyemwamini. "Bi Hudcová. Hebu kamwangalie."

Nilimtazama akishuka kwa kuguna, akivuka uwanja, akiingia mlango wa choo ambamo hamkuwa na mtu. Huku nyuma niliyahesabu matone ya maji kwenye kioo. Polisi wa mji walikuwa kituo kimoja tu kutoka pale. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, bila pasipoti, kwa kuwa zote zilikuwa ndani ya mkoba wa Kadlec, angeweza kupatikana kabla ya chakula cha jioni. Sikujua wakati ule kwamba watu wa huku wasingemrudisha. Nilijua tu tulivyofundishwa kuogopa.

Bi Hudcová alirudi akijipepea kwa leso.

"Yumo," alisema kwa sauti iliyofika kiti cha mwisho. "Anatapika, maskini. Harufu hiyo! Mpeni nusu saa, Ndugu Kadlec, au mtamsafisha ninyi njiani."

Watu wakacheka. Akapita kando yangu bila kunitazama, akajitupa kitini, akafungua chokoleti. Alitafuna nusu saa nzima, na mimi sikuthubutu kugeuza shingo.

Tulirudi thelathini na saba. Bohdan alinipokea kwa uso wa mtu aliyeibiwa, na mwezi haukuisha wakaniondoa shuleni, wakanipeleka kiwanda cha maziwa kuosha makopo. Bi Hudcová aliitwa mara sita. Inasemekana kila mara aliwajibu hivyo hivyo: aliona viatu chini ya mlango, akasikia mtu anatapika, na yeye si fundi wa viatu ajue ni vya nani. Wakamshusha, wakampa ufagio wa kufagia idara aliyokuwa akiisimamia. Tulipokutana sokoni mwaka uliofuata nilijaribu kumshukuru. "Kwa lipi?" alisema kwa ukali. "Chagua viazi vyako, mwalimu, foleni ndefu." Alikufa mwaka themanini na nne. Hadi leo sijui alilipia nini siku ile, au kwa ajili ya nani.

Mama aliandika. Barua zilifika zimefunguliwa, au hazikufika. Sikujibu miaka mitatu ya kwanza. Baadaye nilijibu kwa habari za hali ya hewa.

Mpaka ulifunguliwa, na Februari ya mwaka tisini nilipanda treni na Radim, aliyekuwa na miaka kumi na minne, mrefu kunishinda, mikono imetoka nje ya mikono ya sweta. Njia nzima, kutoka Linz hadi ndani ya milima, nilikuwa nayapanga maneno. Yalikuwa mengi na nilikuwa na haki nayo yote. Notburga alikuwa amefariki miaka minne kabla, mama akiwa amemshika mkono. Hilo nililijua kwa barua. Nilikusudia kumuuliza mama kama siku kumi na moja za darini zina uzito sawa na miaka kumi ya makopo ya maziwa. Nilikusudia kumnyima msamaha akiuomba.

Hakuuomba. Alifungua mlango, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, nywele nyeupe kabisa, akanitazama mara moja kama mtu anayetazama moto, akaondoa macho. Kisha akamwona kijana nyuma yangu.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

Theluji ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa. Mama aliinua mkono wa kulia, kiganja kikiangalia chini, akausimamisha usawa wa kiuno chake, pale kilipokuwa kichwa cha Radim siku alipomuaga. Ukakaa hapo hewani, haujui pa kwenda. Halafu ukaanza kupanda, polepole, ukapita kifua chake, ukapita bega, ukapita uso, hadi akalazimika kusimama kwa ncha za vidole. Radim, ambaye hakuwa na kumbukumbu yoyote ya mwanamke yule, aliinamisha kichwa kidogo ili umfikie.