Chungu cha Tisa

Mimi sina subira, na yeyote wa mtaa wetu wa Kamalondo anayenijua atakuambia hivyo hata kabla hujamuuliza. Ningekuwa na subira, nisingetia sindano katika kile kitundu, na shangazi yangu Rabia angekuwa bado na rekodi yake. Lakini basi hata uwanja wetu usingekuwepo, kwa hiyo sijui nijute kwa kiasi gani.

Nianze na kitu chenyewe. Babu yangu Abibu alikuwa fundi wa saa, na mwaka 1984 alirudi kutoka Ndola na mchezo mdogo wa kielektroniki, wa kushika mikononi, ukubwa wake haupiti boksi la sabuni. Nyumbani tunauita kajeu, yaani kamchezo, mpaka leo. Ukiiwasha, kwenye kioo cha kijivu unaona nyumba ya madirisha matatu, na chini yake mpeleka barua mwenye kofia. Kutoka madirishani vinadondoka vyungu vya maua, naye kazi yake ni kukwepa. Ndio mchezo wote. Picha zake hazitembei, kila moja ina mahali pake ndani ya kioo, inajitokeza halafu inafutika. Chungu kinatokea dirishani, pi. Kinatokea katikati, pi. Kinatokea juu ya kofia, pi, na kama hujasogea, shauri yako.

Shangazi Rabia ni mshonaji, ana miaka hamsini na minne, na kajeu hukaa katika droo ya cherehani yake pamoja na vifungo na nyuzi. Mteja akichelewa, anacheza. Ramadhani iliyopita, akisubiri jua lizame, aliweka rekodi ambayo kajeu iliihifadhi kwenye kona ya juu ya kioo. Hakumtajia mtu ni ngapi. Alisema anayetaka kuijua aifikie kwanza. Aliyeonyeshwa ni mmoja tu, baba yangu Zakari, kaka yake, na alionyeshwa ili aumie, maana wale wawili wanashindana kwa kajeu ile tangu utotoni.

Sasa, mimi ni mchoraji. Mimi na Clovis, ambaye nilisoma naye darasa moja na siku hizi anaandika programu, tumo katika kikundi kinachotengeneza mchezo wa kompyuta wa kupigana, wenye watu wa hapahapa Lubumbashi. Kuna mama muuza chikwanga, ule mkate wa muhogo, kuna mchimbaji mwenye taa kichwani, kuna mwanasheria anayepiga watu kwa faili. Ilibaki kuchagua viwanja vya kupigania. Kiongozi wetu Edouard, mtu mwema lakini anayependa utaratibu kuliko chakula, alitaka viwanja vinne. Mimi nikasema kimoja kitakuwa kajeu ya shangazi yangu. Wapiganaji wasimame mbele ya ile nyumba ya kijivu, wachapane, huku vyungu vikiwadondokea kwa mtindo uleule wa zamani, pi, pi, pi.

Shangazi aliniazima kajeu kwa wiki moja. Alitoa sharti moja tu, nicheze, nipige picha, nirekodi sauti, lakini nisiguse kitundu cha nyuma. Kitundu hicho ukikichoma kwa sindano, picha zote za kajeu zinatokea kwa pamoja kwa muda mfupi, halafu kila kitu kinaanza upya. Siku tano nilijaribu kupiga picha chungu kimoja kimoja. Kila nikibonyeza kamera, chungu kimeshapotea. Siku ya sita nikachukua sindano. Picha zote zikajitokeza, Clovis akazinasa mara moja, na mimi nikashangilia mpaka nilipoona kona ya juu. Palikuwa na sifuri.

Niliirudisha kajeu imefungwa kwenye kitambaa, nikasalimia haraka, nikaondoka haraka zaidi. Niliona haya, na haya zenyewe zilinikasirisha. Ili nipate usingizi, nilimpigia baba simu kule Likasi, nikamuuliza kwa ujanja rekodi ya shangazi ilikuwa ngapi, eti ni pambo la uwanja wetu tu. Bila kusita akasema mia mbili kumi na mbili, akaongeza kwamba hata hiyo aliipata kwa bahati. Basi nikaichora 212 kwenye kona ya juu ya uwanja wetu, kwa tarakimu nene za zamani. Nilijiambia kwamba nimefuta namba ndogo na nimeandika kubwa, na hii hakuna sindano itakayoifuta.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi mmoja mjini kati, nyuma ya mabenki. Ukuta mzima ulikuwa skrini. Nyumba ya kijivu ilipotokea na kuanza kulia pi, watu walicheka kwa furaha, na wazee wawili watatu walioleta watoto wao wakasogea mbele kuliko watoto. Nilijisikia vizuri kwa dakika nne hivi.

Madeleine, mchezaji wetu hodari, alikuwa anamchezesha mwanasheria na anaelekea kushinda, mara mwanasheria akaanguka chali. Hakuna aliyempiga. Akainuka, akasogea tena upande wa kushoto, akaanguka tena. Wote tuliona chungu kikitokea kwenye dirisha la kushoto, kikatokea katikati, kikatoweka kabisa, halafu mtu akaanguka. Foleni nzima ya waliosubiri kucheza ikaanza kulalamika. Mmoja alisema uwanja umerogwa, mwingine akasema umetengenezwa na wavivu, na huyo wa pili ndiye aliyeniudhi.

Edouard alisimamisha mchezo.

"Kintu yenye haionekane na inapiga bantu, ile iko erreur," alisema. "Uwanja yenye iko na erreur haiingie mu jeu."

Orodha ya viwanja ingefungwa saa kumi. Tukielewa kosa kabla ya hapo, sawa. Tusipoelewa, uwanja wetu unatolewa. Clovis alifungua programu yake akaipitia mstari kwa mstari, na yote ilikuwa sawa. Alikuwa amepanga vyungu kwa kufuata sauti nilizorekodi, kila mlio hatua moja, na mlio wa tatu ndio unaopiga. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Naye akarudi mstari wa kwanza, akaanza upya, na utulivu wake ukanichoma zaidi. Nilichokuwa nawaza ni kimoja tu. Uwanja huu ukitolewa, nimefuta rekodi ya shangazi bure, na tena nimenyamaza bure.

Saa tisa na nusu akaingia shangazi mwenyewe. Nilikuwa nimemwalika kwa simu wiki mbili nyuma na kwa wasiwasi wote ule nilisahau. Alikuwa amevaa kitenge alichokishona kwa ajili ya siku hiyo, kilemba cha kitambaa kilekile, miwani ikining'inia kifuani. Alisimama katikati ya ukumbi akaitazama ile nyumba ya kijivu ukutani, kubwa kuliko nyumba yake ya kweli. Akavaa miwani. Akaangalia kona ya juu, penye 212, akaiangalia kwa muda mrefu. Mimi nikajisogeza nyuma ya Clovis.

Edouard alimwomba Madeleine arudie ili Clovis aone tena. Mwanasheria akasogea kushoto, akaanguka. Katika ukumbi ule wa watu walionuna, mtu mmoja tu alicheka, tena kwa sauti, na alikuwa shangazi Rabia.

"Ni ile ya kushoto, ya chini kabisa," alisema. "Haionekanaka tangu Zakari alikalia kajeu. Tunaisikiaka tu."

Ndipo akatueleza. Mwaka 1987, kwenye harusi ya jirani, baba yangu alikaa kwenye benchi bila kutazama, na kajeu ilikuwa juu ya benchi. Kona ya chini ya kioo, upande wa kushoto, ilikufa siku hiyo. Chungu cha pale kiliendelea kudondoka na mlio uliendelea kulia, ila picha haikurudi tena. Babu yangu, fundi wa saa mzima, alishindwa kuitengeneza. Basi wao wakazoea. Dirisha la kushoto lina mlio wake, mzito kidogo kuliko wa mengine, na ukisikia wa pili unajua kichwa chako kiko hatarini.

Clovis alihesabu kwa vidole. Madirisha matatu, kila dirisha vyungu vitatu, jumla tisa. Akafungua ile picha ya sindano, na ndani yake vyungu vilikuwa vinane. Miezi miwili tumeikodolea macho picha ile, mimi nikichora na yeye akipanga, na hakuna aliyekumbuka tatu mara tatu ni ngapi. Tulinakili kajeu kwa uaminifu mpaka tukanakili na makalio ya baba yangu.

Edouard alipumua. Alisema sasa ni rahisi, nichore chungu cha tisa, dakika kumi zinatosha, na uwanja unapita. Nikavuta kiti, nikashika kalamu. Shangazi akaniwekea mkono begani.

"Acha," alisema. "Mutu mwenye iko na masikio, atacheza. Leteni ile manette nibaonyeshe."

Manette ni kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, na shangazi hajawahi kukishika maishani mwake. Edouard alikuna kichwa, lakini utaratibu ulimsaidia. Pambano moja ni dakika tatu. Alisema mtu akiweza kumaliza dakika tatu upande wa kushoto bila kupigwa na chungu kisichoonekana, basi hilo si kosa, ni ugumu, na ugumu unaruhusiwa. Akipigwa hata mara moja, ninachora.

Shangazi alimchagua mama muuza chikwanga kwa sababu, alisema, nguo yake imekatwa vizuri. Akauliza kitufe cha kwenda na cha kurudi, vingine akakataa kuelezwa. Kisha akavua miwani. Mguu wake wa kulia ukaanza kupiga sakafu, taratibu, jinsi unavyokanyaga cherehani siku nzima.

Madeleine alimfuata na mwanasheria wake, akampiga faili mara mbili, tatu. Shangazi hakujibu. Alikaa palepale kushoto, chini ya dirisha baya. Pi, pi, akapiga hatua moja nyuma, na chungu kikampata mwanasheria. Watu wakacheka. Pi, pi, hatua moja mbele, mwanasheria chini tena. Mlio ulianza kwenda mbio, mguu wake ukaenda nao. Dakika ya pili ukumbi mzima ulikuwa unahesabu kwa sauti pamoja naye, moja, mbili, na ikifika tatu kila mtu anasogea kidogo kwenye kiti chake. Madeleine mwenyewe alikuwa anacheka mpaka anashindwa kubonyeza. Dakika tatu zilipoisha, shangazi alikuwa ameshinda pambano bila kurusha ngumi hata moja, na hakuna chungu kilichomgusa.

Edouard aliandika kwenye orodha yake kwamba uwanja umepita na chungu cha tisa kisionekane. Alitaka tu yatangulie maneno ya kumwonya mchezaji asikilize upande wa kushoto. Watu walipanga foleni upya, ndefu kuliko ya kwanza. Nilitakiwa kufurahi, na nilifurahi, lakini lile jambo la sindano nilikuwa bado sijalisema. Nikamvuta shangazi pembeni, karibu na mlango.

"Tantine, rekodi yako, njo miye niliifuta," nilimwambia. "Nilitia sindano ku nyuma."

Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya kilemba, hakuacha.

"Nilijua. Siku ile uliirudisha, niliwasha, nikakuta zéro. Nilikuwa nangojea uniambie."

Nililia kidogo, sifichi. Alisema wiki zote hizo alikuwa ananiona nikipita upande wa pili wa barabara, nikimpungia mkono kwa mbali, na alipanga kunigombeza vizuri. Ila alipoingia ukumbini na kuiona nyumba ile ukutani, hasira ilimwisha. Akanipa ncha ya kilemba nijifute. Kisha akavaa miwani, akanyoosha kidole kwenye kona ya juu ya skrini, na sura yake ikabadilika. Sasa alikasirika kweli.

"Na ile chiffre kule juu, nani alikupa?"

Nikamwambia namba alinipa baba.

"Yangu ilikuwa mia tatu makumi ine na moja. Zakari anajua, aliisoma na macho yake. Mia mbili kumi na mbili, ile ni rekodi ya Zakari mwenyewe."

Nilimpigia baba palepale. Kabla sijasema lolote aliniuliza kama watu waliokuja ni wengi, na kama namba inaonekana vizuri kutoka nyuma. Shangazi alininyang'anya simu, na aliyoambiwa baba yangu siwezi kuyaandika pia, inaelekea ulimi huo ni wa ukoo wetu.

Zilibaki dakika saba kufika saa kumi. Nilikaa kwenye kompyuta ya Clovis, nikaandika 341 kwenye kona ya juu, nene zaidi, na nilipotaka kuifuta kabisa ile 212 shangazi akanizuia. Simu ilikuwa bado sikioni mwake, na kutoka ndani yake nilisikia baba akicheka.

"Usiifute," shangazi alisema. "Uiweke chini, kushoto, kadogo. Pale njo Zakari alikalaka."

Nikaiandika pale, ndogo, mahali kinapoangukia chungu cha tisa.